Dirisha la Marehemu Mbutolwe

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, Lwitiko alishuka ngazi za Bondeni, akasimama mbele ya dirisha la chuma lililo mwisho wa ukumbi, akainua mkono wa kulia mpaka karibu na kishikizo, kisha akaushusha bila kugusa kitu. Alibaki pale kama robo saa hivi. Halafu alipanda tena kwenda kazini, uso umemsawijika.

Wakazi wa Bondeni walishamzoea. Walikuwa familia sita, kila moja na chumba chake kilichochimbwa nusu ndani ya mlima, na mtu anayeishi nusu ndani ya mlima hashtuki ovyo. Wengine walisema fundi karogwa. Wengine walisema ni mizimu ya ukoo inamdai. Mkewe, Nsubisi, alivumilia karibu mwaka mzima, na uvumilivu ulipomwishia hakwenda kwa mganga. Alikwenda kwa Tumpale, mchujaji wa kituo, aliyetunza orodha za kazi za kila mtu.

"Dada Tumpale, sijaja kumshtaki mtu," alisema akikaa ukingoni mwa kiti. "Ila nataka unisomee orodha ya mume wangu. Kuna kazi gani huko chini saa kumi na mbili na robo?"

Tumpale alimfungulia. Orodha ya Lwitiko ilianza saa moja kamili: mabomba ya juu, pampu ya pili, chujio la matope. Kabla ya hapo hapakuwa na kitu.

"Hakuna kazi yoyote, Nsubisi."

"Basi ni mzimu," alisema Nsubisi, na alilisema kwa namna ya mtu aliyekuwa akiomba aambiwe vingine.

Kituo cha Mvuke Nne kilivuta mvuke kutoka tumboni mwa mlima na kuwasha taa za bonde zima. Watu mia nne waliishi humo, na kila mmoja wao alikuwa na kidude sikioni, hata wanaoosha vyombo. Humo sikioni ndimo Orodha ilimosemea. Ilikuambia cha kufanya, ukafanya, ukasema "tayari", ikakuambia kingine. Kanuni ya kwanza ya kituo waliifundisha hata watoto wa chekechea: usiguse usichoambiwa. Zamani fundi mmoja alifungua vali kwa kukisia tu, na mvuke ukawaunguza watu watatu. Tangu siku hiyo kukisia kukawa kosa la kufukuzwa, na watu taratibu wakaacha kukumbuka, maana kuna faida gani ya kukumbuka kitu usichoruhusiwa kukigusa?

Kesho yake Tumpale alimtangulia Lwitiko Bondeni. Alimwona akija, akamwona akiinua mkono.

"Kaka Lwitiko. Unataka kufanya nini hapo?"

Lwitiko hakugeuka. "Sijui, dada. Mkono ndio unaotaka. Kila siku nikiamka mkono unanivuta hadi hapa, na Orodha imenyamaza. Nasubiri iseme. Haisemi. Naona kama kuna mtu ameniita nami sijamwitikia."

Tumpale hakuwa mtu wa mizimu. Alikuwa mtu wa vichujio, zile amri zinazoamua Orodha iseme nini na ifiche nini, na alijua sababu moja tu inayoweza kuifanya kazi ipotee sikioni mwa mtu bila kufutwa.

*

Ofisini alifunga mlango na kukaa mbele ya kioo. Hakugusa kitu kwa muda mrefu. Kioo kilimwonyesha Mvuke Nne yote ikiwa imepangwa kama matawi, kazi juu ya kazi, kila kazi na watoto wake na wajukuu wake.

Mahali pengine kazi hupangwa kwa mradi au kwa idara. Waanzilishi wa Mvuke Nne walikuwa na utaratibu wao, na waliuonea fahari kwelikweli. Walitundika kila kazi chini ya jina la mtu anayefanyiwa. Hukuagizwa kuziba bomba namba saba. Uliambiwa: kwa ajili ya Mwalimu Kissa, ziba bomba, maana darasa lake lilikuwa na baridi. Walisema mtu akijua anamfanyia nani hataziba bomba nusunusu, na walisema kweli. Hata bomba hilo lilipokuja kuhudumia nyumba ishirini, jina la aliyelalamika kwanza lilibaki juu yake, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kulibadili.

Mtu akifa, siku ya arobaini ndugu walikaa na mchujaji kufanya kinachoitwa kutundua. Walizisoma kazi zote zilizo chini ya jina la marehemu, moja baada ya moja, wakaziteremsha na kuzitundika kwa walio hai. Ilichukua siku mbili, tatu. Watu walilia, walicheka, walikula pamoja. Hata mtu ambaye hakuwahi kupendwa alifanyiwa.

Mama yake Tumpale, Mbutolwe, alikufa mwishoni mwa mwaka uliopita. Yeye ndiye aliyekuwa mkazi wa kwanza wa Bondeni. Na siku arobaini zile zote, kila asubuhi, Orodha iliendelea kumwambia Tumpale kwa sauti ile ile isiyo na huzuni: kwa ajili ya Mbutolwe, pasha maziwa, kwa ajili ya Mbutolwe, mkatie kucha za miguu. Arobaini ilipofika alijaribu kusoma orodha nzima. Alifika kwenye kucha, akashindwa.

Akaandika kichujio. Kilikuwa cha mstari mmoja: ficha wote waliofariki.

Kichujio kinaweza kufanya kazi kwa njia mbili, na kila mchujaji anajua. Ukitafuta kitu, mtoto akipatikana huja pamoja na mzazi wake, kwa rangi iliyofifia, ili ujue ametoka wapi. Ukificha kitu ni kinyume chake: ukimficha mzazi, wote walio chini yake wanafichika naye, hata kama kazi ni ya mtu mzima na mwenye afya aliye upande wa pili wa kituo. Tumpale alilijua hilo siku anaandika. Alijiambia ataketi wiki ijayo, moyo ukitulia, atundue taratibu. Wiki ijayo ilikuja ikapita, kama zinavyopita.

Na watu walikipenda kichujio chake, hilo ndilo lililomponza. Waliofiwa walikuja wakamshika mikono. Walilala, walisema. Walikula. Misiba iliyofuata hakuna aliyekumbuka kuja kutundua, kwa nini ujichome mwiba kwa makusudi? Asiyekuwepo na lake halipo. Msemo ule wa kuteta watoro ukawa sasa ndio utaratibu wa kituo.

Tumpale aliondoa kichujio kwa macho yake peke yake. Matawi kumi na moja yalifunguka kwenye kioo. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akapita maziwa, akapita kucha akiwa amebana midomo, na chini kabisa akakuta mambo mawili yaliyoandikwa miaka kumi na tisa iliyopita na mtu aliyekuwa na haraka.

Kwa ajili ya Mbutolwe: fungua dirisha la chuma alfajiri, robo saa, hewa nzito ishuke korongoni. Mtendaji, Lwitiko. Imechelewa siku mia tatu na kumi na mbili.

Kwa ajili ya Mbutolwe: badilisha betri ya kengele ya hewa, kila miezi mitatu. Mtendaji, Lwitiko. Imechelewa siku mia mbili na sitini na nne.

Hewa nzito aliijua. Wote wa mlimani waliijua kwa kusimuliwa. Inavuja kwenye mwamba, haina harufu wala rangi, inatandaa sakafuni kama maji na kujaa taratibu. Kuku hutangulia. Kuku wa Bondeni walikufa Mei, watu wakasema ni kideri. Na Julai, katika baridi kali, alikufa Mzee Gwakisa wa chumba cha tatu, aliyekuwa halali kitandani kwa sababu ya mgongo. Alikuwa analala chini, kwenye mkeka.

Tumpale aliinuka ghafla hata kiti kikaanguka. Alikimbia ngazi zote. Lwitiko alikuwa kwenye pampu ya pili.

"Kafungue," alimwambia akihema. "Lile dirisha. Kafungue sasa hivi."

"Orodha haijasema, dada."

"Mimi nasema. Mimi ndiye niliyeinyamazisha."

Lwitiko alimtazama kidogo tu, kisha akatupa spana na kushuka. Tumpale alimkuta ameshashika kishikizo kwa mikono yote miwili. Dirisha lilikwaruza, likafunguka, na vumbi lililokuwa limelala sakafuni likaanza kutambaa kuelekea nje. Fundi yule mtu mzima aliegemea ukuta akalia kwa kwikwi.

*

"Umefanya vizuri," alisema Asegelile, mkuu wa kituo, baada ya kusikiliza. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa hatari. "Betri imewekwa, dirisha limefunguliwa. Sasa litundike upya. Kwa ajili ya wakazi wa Bondeni. Kazi mpya haibebi ucheleweshaji wa zamani."

"Na Mzee Gwakisa?"

"Ukimtaja atafufuka?"

Tumpale aligeuka kuelekea mlangoni.

"Nisikilize, binti. Ukikiondoa kichujio chako mbele ya watu, kesho asubuhi misiba kumi na mmoja itaingia masikioni mwao kwa pamoja. Wajane, watoto. Wewe mwenyewe hukuweza msiba mmoja. Kaa hapa ofisini, zisome mwenyewe kazi hizo, zitundue kimyakimya. Mwezi mmoja utakuwa umemaliza. Nani atakuwa ameumia?"

Ilikuwa hoja nzuri. Tumpale aliibeba mpaka Bondeni, akaipenda njia nzima.

Mjane wa Gwakisa, Mama Ikupa, alikuwa amekaa nje ya mlango wake, amejifunika blanketi juu ya khanga mbili. Alikuwa akila ndizi za kupika za jana, za baridi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Chai sina, nisamehe. Siku hizi siwashi moto."

"Baridi yote hii, Mama?"

Mama Ikupa aliweka bakuli chini. "Wewe hujui? Kituo kizima kinajua. Mimi ndiye niliyemuua mzee. Kwa jiko la mkaa." Alisema kama mtu anayetaja anuani yake. "Usiku ule baridi ilikuwa haivumiliki, nikaingiza jiko. Nikamkanda mgongo. Halafu nikalitoa nje, tukalala, yeye mkekani, mimi kitandani. Asubuhi namwamsha, wa baridi. Shemeji zangu wakasema sikulitoa. Nikawaambia nililitoa. Wakasema, nani shahidi? Basi nikirudi kichwani kutazama, mwanangu, mwanzo nilikuwa najiona nalibeba, nimeshika kwa tambara. Siku hizi sijioni tena. Nalitazama liko pale pale katikati ya chumba, jekundu. Labda sikulitoa."

Tumpale alikaza macho kwenye bakuli la ndizi. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, tayari kabisa.

"Lakini wewe Mungu akubariki," Mama Ikupa aliendelea. "Ungekuwa hujawaficha marehemu, ningekuwa nasikia kila usiku, kwa ajili ya Gwakisa mkande mgongo. Ningejitupa korongoni. Ndaga, mwanangu. Asante sana."

Tumpale aliaga. Ndiyo, aliaga. Mwenye kusema angefanya vingine na aseme, ila yeye aliinuka, akampa mama yule mkono, akaondoka na shukrani ambayo haikuwa yake.

Ofisini alifungua tawi la Gwakisa. Hakujua anatafuta nini, au alijua na akaogopa. Mkande mgongo. Mletee dawa. Hizo hazikuwahi kufungwa. Chini yake kulikuwa na mstari wa kijivu, wa kazi iliyokwisha:

Kwa ajili ya Gwakisa: toa jiko nje kabla ya kulala. Mtendaji, Mama Ikupa. Imekamilika, saa tatu na dakika kumi usiku.

Alikuwa amelitoa. Alilitoa, akasema "tayari", Orodha ikaandika. Kesho yake mumewe akatangazwa marehemu, na kichujio cha Tumpale kikamfunika yeye, mgongo wake, dawa zake na shahidi pekee wa mke wake. Miezi mitano shahidi huyo alikaa humu ndani ya mashine bila kuulizwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Tumpale alikuwa ameyaficha maradhi yake kwa kifo cha mwingine, na aliyeumbuliwa alikuwa mwingine pia. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Angeweza kumwonyesha Mama Ikupa mstari ule mmoja na kunyamazia mengine. Alilifikiria hilo, tena kwa makini. Lakini mjane angeuliza swali la pili, ambalo mtu yeyote angeuliza. Kama si jiko, ni nini? Na katika matawi yale mengine tisa, nani alikuwa amesimama asubuhi hii ameinua mkono mbele ya kitu asichokijua?

Alifuta mstari wake wa kichujio. Orodha ilimuuliza: kwa kituo kizima? Akasema ndiyo.

*

Asubuhi iliyofuata Mvuke Nne haikuanza kazi kwa wakati. Watu walisimama milangoni wameshika masikio. Mpishi mmoja alikaa chini katikati ya jiko la jumuiya. Mzee mmoja alikuwa akirudia jina la mwanawe, akitabasamu na machozi yakimtoka. Wengine walimtukana Tumpale alipopita, na mmoja alimtemea mate miguuni. Asegelile alikuwa amesimama mbele ya ofisi yake na hakumsalimu.

Sikioni mwake mwenyewe sauti ilikuwa ikisema: kwa ajili ya Mbutolwe, pasha maziwa. Kwa ajili ya Mbutolwe, mkatie kucha. Aliiacha iseme mpaka mwisho.

Mama Ikupa alikuwa ndani, amekaa kitandani, mkono umekandamiza sikio.

"Umenirudishia," alisema. "Kwa nini umenirudishia?"

"Mama, iulize Orodha kazi zilizokwisha. Za Julai. Usiku ule."

"Sitaki."

"Basi niiulize mimi, isikike kwa sauti."

Mjane hakukataa tena. Tumpale aliuliza, na sauti ile isiyo na huzuni wala furaha ikatoka kwenye kipaza sauti cha ukutani: toa jiko nje kabla ya kulala. Imekamilika, saa tatu na dakika kumi usiku.

Mama Ikupa alitazama katikati ya chumba, pale alipokuwa akiliona jiko, akatazama kwa muda mrefu sana.

"Rudia," alisema.

Orodha ikarudia.

"Kwa hiyo nililitoa."

"Ulilitoa, Mama."

"Nimeshika kwa tambara." Akafumba macho. "La bluu. Lilikuwa la bluu." Alipoyafumbua macho, yalikuwa makavu. "Sasa mume wangu alikufa na nini?"

Tumpale alimwambia. Alimwambia dirisha, na kengele, na kucha za mama yake, na mstari mmoja aliouandika kwa kuwa hakutaka kulia. Hakuongeza neno la kujitetea. Alipofika kwenye jana, alipokaa kwenye kile kiti akapokea shukrani, alisema hilo pia.

Mama Ikupa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinama, akachungulia uvunguni, akavuta jiko la mkaa lililoshika kutu. Alilibeba mpaka nje, akapanga makaa, akawasha, akapepea kwa kifuniko cha sufuria. Moto ulichukua muda kushika. Tumpale alisimama mlangoni, hakujua kama anaruhusiwa kuondoka.

"Lile dirisha limetundikwa kwa nani sasa?" mjane aliuliza bila kumtazama.

"Kwa mama yangu, bado. Nitalihamishia kwa wakazi wote."

"Hapana. Litundike kwa Gwakisa."

"Gwakisa ni marehemu, Mama."

"Najua alivyo. Litundike kwake, na mtendaji uwe wewe. Lwitiko apumzike, amesimama vya kutosha." Alinyoosha mikono juu ya makaa, ya kwanza tangu Julai. "Nami nitakuwepo nikuangalie. Sijakusamehe. Usije ukadhani."

Kesho yake, saa kumi na mbili na robo, sauti ilimwamsha Tumpale: kwa ajili ya Gwakisa, fungua dirisha. Alivaa, akashuka ngazi za Bondeni. Mama Ikupa alikuwa amekwisha kufika, amejitanda khanga, amesimama pembeni ya dirisha la chuma. Hakumsalimu. Tumpale aliinua mkono, akashika kishikizo, akavuta.